Dozi tatu kwa ugonjwa uliokwisha kupona: kisa cha mabadiliko ya ute ukeni baada ya matibabu

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinatoka katika kituo cha afya cha mji mdogo wa pwani ya Tanzania, ninakofanya kazi nikiwa muuguzi mkunga. Umri, kazi na habari za familia ya mhusika vimebadilishwa kiasi cha kumficha, naye aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Nitamwita mama huyu, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita chumbani. Yeye aliniita dada nesi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Ni mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na ushei, amejifungua mara mbili, mzunguko wake wa hedhi ni wa siku 29 au 30, na hatumii njia ya homoni ya uzazi wa mpango. Mumewe husafiri kikazi kwa wiki kadhaa, na wawili hao wamekuwa wakitumia kalenda kuepuka mimba. Hana kisukari wala ugonjwa mwingine wa muda mrefu.

Ninakiandika kwa sababu mimi ndiye niliyempokea mara ya kwanza, na kosa lililozaa mengine yote lilitoka chumbani kwetu. Dawa tuliyompa ilikuwa sahihi na kipimo chake sahihi. Tulichomnyima ni maelezo ya dakika tatu.

Ziara ya kwanza

Mama huyu alifika siku ya 8 ya mzunguko wake, hedhi ikiwa imekatika siku tatu zilizopita. Alieleza kwamba kwa muda wa wiki tatu alikuwa akitokwa na majimaji mepesi ya rangi ya kijivu, yenye shombo la samaki ambalo lilizidi baada ya hedhi na baada ya tendo la ndoa. Hakuwa na maumivu ya tumbo chini ya kitovu, wala homa, wala vidonda. Alikuwa na muwasho kidogo tu.

Siku hiyo maabara yetu ilikuwa inafanya kazi, jambo ambalo si la kila siku. Tulipompima kwa kifaa cha kupanulia uke, tuliona majimaji ya kijivu yametanda sawasawa kwenye kuta za uke, na shingo ya kizazi ilikuwa safi, bila usaha. Karatasi ya kupimia tindikali ilionyesha pH ya zaidi ya 5, ilhali uke wenye afya kwa mwanamke wa umri wa kuzaa huwa kati ya 3.8 na 4.5. Tone la hidroksidi ya potasiamu lilipowekwa kwenye sampuli, shombo lilipanda mara moja. Chini ya darubini zilionekana seli za ukuta wa uke zilizofunikwa na bakteria hadi kingo zake hazisomeki, na hakukuwa na trikomonasi, vijidudu vya ugonjwa wa zinaa. Vigezo vyote vinne vya Amsel vya kuutambua ugonjwa wa aina hii, vilivyowekwa mwaka 1983, vilitimia, ingawa vitatu vingetosha. Vipimo vya VVU, kaswende na mimba havikuonyesha kitu.

Ugonjwa ulikuwa vajinosisi ya bakteria, yaani hali ambayo bakteria walinzi wa uke, laktobasili, wamepungua na nafasi yao kushikwa na bakteria wengine wasiopenda hewa. Tabibu aliandika metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la flajili, miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Nikamkabidhi dawa, nikamwambia asinywe pombe, nikamalizia kwa sentensi ambayo nimeitafakari sana tangu hapo: "Mama, ukimaliza dozi, huo uchafu utakwisha."

Yaliyofuata nje ya kituo

Siku ya nne ya dawa shombo lilikuwa limekwisha. Alipata ladha ya chuma mdomoni na mkojo ukawa wa rangi ya chai, mambo mawili ambayo metronidazoli huyaleta bila madhara. Kwa kuwa hakuwa ameelezwa, aliuchukulia mkojo ule mweusi kuwa ugonjwa unatoka mwilini, akafurahi.

Siku ya saba ya dawa, ambayo ilikuwa siku ya 14 ya mzunguko, aliona majimaji mengi kuliko hata yale ya mwanzo. Alipokuja kutusimulia baadaye, aliyaeleza vizuri mno: yalikuwa maangavu, yanateleza, yanavutika katikati ya vidole kama ute mweupe wa yai, na hayakuwa na harufu yoyote. Lakini siku yenyewe hakuyatazama kwa macho hayo. Aliambiwa uchafu utakwisha, na huu hapa, haujakwisha.

Alikwenda duka la dawa la jirani. Muuzaji aliuliza swali moja, kama bado anatokwa na uchafu, naye akajibu ndiyo. Akauziwa metronidazoli nyingine ya siku 7 pamoja na antibayotiki ya doksisaiklini, kwa maelezo kwamba ile ya kituoni ilikuwa dozi ndogo. Usiku huohuo alianza kujiosha ndani ya uke kwa sabuni na maji ya limau, kama alivyoshauriwa na jamaa yake.

Wiki moja baadaye, siku ya 21 ya mzunguko, ulianza muwasho mkali. Ulitoka uchafu mzito, mweupe, wa mabongemabonge kama maziwa mgando, na mkojo ukawa unamuunguza kila ulipogusa ngozi ya nje. Alikwenda kliniki nyingine. Huko alipimwa mkojo peke yake, chembe nyeupe za damu zikaonekana, akaambiwa ana yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) iliyopanda hadi kwenye kizazi, akapewa antibayotiki ya siprofloksasini ya siku tano. Hakuna aliyemtazama ukeni. Baada ya siku mbili bila nafuu, alisaga shabu na kuiweka ndani, kwa kuwa shabu hukausha, na kukauka ndiko alikokuwa akikutafuta tangu mwanzo.

Kurudi kituoni na maamuzi tuliyofanya

Alirudi kwetu siku ya 19 tangu ziara ya kwanza. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Dada nesi, ule uchafu mlionitibu umekuwa sugu."

Kadi yake ya awali haikutusaidia. Ilikuwa na maneno machache ya mkato kuhusu kutokwa na uchafu, jina la dawa, na sahihi. Haikutaja rangi, harufu wala siku ya mzunguko. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kukaa naye na kuandika upya historia nzima siku kwa siku, tukiwa na kalenda ya ukutani mbele yetu. Ilichukua karibu nusu saa, na foleni nje ilinung'unika. Ilipokamilika, tuliona kwamba kile alichokiita uchafu mmoja sugu kilikuwa vitu vitatu tofauti vilivyofuatana, na kwamba kile cha kwanza kilikuwa kimekwisha ndani ya siku nne.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutoamini jina lolote la ugonjwa alilokuja nalo hadi tumpime. Kuta za uke na midomo ya nje vilikuwa vyekundu na vimevimba, kukiwa na michubuko midogo upande ambao shabu ilikaa. Uchafu mweupe uliganda kwenye kuta. Tulipoibonyeza shingo ya kizazi na kuisogeza kwa kidole hakusikia maumivu, hivyo maambukizi ya via vya uzazi ya juu hayakuwa na ushahidi. Sampuli ya pH tuliichukua kwenye ukuta wa pembeni, kwa makusudi, kwa kuwa ute wa shingo ya kizazi, damu na shahawa hupandisha namba na kumdanganya mpimaji. Namba ilikuwa 4. Darubini ilionyesha chembechembe za fangasi zenye machipukizi na nyuzi zake, na seli za ukuta zilikuwa na kingo safi. Vajinosisi haikuwapo tena. Alichokuwa nacho ni fangasi aina ya kandida, juu ya ngozi iliyounguzwa na sabuni, limau na shabu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kusimamisha siprofloksasini. Tabibu alisita hapa, na kusita kwake kulikuwa na hoja: mume husafiri, kituo hakina kipimo cha kisonono wala cha klamidia, na je, mkojo ule wenye chembe nyeupe? Tulijadiliana mbele ya mama mwenyewe. Chembe nyeupe zilikuwa na maelezo ya karibu zaidi, kwamba mkojo ulichukuliwa bila kujisafisha nje na ukapita kwenye uke uliowaka. Uchungu wake ulikuwa wa mkojo kugusa ngozi. Hakuwa akienda haja mara kwa mara wala kubanwa ghafla. Shingo ya kizazi haikuwa na usaha katika ziara zote mbili. Tukarudia kupima mkojo uliochukuliwa katikati ya mkondo baada ya kujisafisha, ukatoka safi. Dawa ikasimama.

Alipewa kidonge kimoja cha klotrimazoli cha miligramu 500 cha kuweka ukeni usiku, pamoja na krimu ya nje. Aliambiwa aache kuingiza chochote kingine ndani, na aoshe sehemu za nje kwa maji tu hadi ngozi ipone. Safari hii nilimweleza atakachokiona. Kwamba asubuhi kidonge kitatoka kikiwa kimeyeyuka, cheupe, chenye punje kama chaki, na kwamba hiyo ni dawa. Kwamba mafuta ya dawa hiyo hudhoofisha kondomu za mpira. Kwamba muwasho ungepungua ndani ya siku mbili au tatu lakini wekundu ungechelewa. Kwamba hedhi ilikuwa inakaribia, na mwisho wake damu ya zamani huwa ya kahawia na yenye harufu nzito kidogo, isiyo shombo la samaki. Kwamba katikati ya mzunguko unaofuata ule ute wa yai ungerudi, na kwa mwanamke anayetumia kalenda huo ndio wakati wa kuogopa mimba, wala si wakati wa kukimbilia duka la dawa.

Hapo alicheka, kisha akanyamaza. Akasema kwamba kwa miaka yote ya kutumia kalenda hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwili nao una kalenda yake.

Matokeo

Siku ya pili baada ya dawa alinipigia simu, si kulalamika, bali kuniambia kwamba chaki imetoka kama nilivyosema. Muwasho ulikwisha siku ya nne. Mzunguko uliofuata aliuona ute wa katikati ya mwezi na hakufanya lolote, isipokuwa yeye na mumewe walitumia kondomu siku hizo.

Miezi mitatu baadaye alirudi, na namna alivyojieleza ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Alisema: "Dada nesi, leo si ute. Ni ule wa kijivu, na shombo limerudi tangu hedhi iishe, yapata siku sita." Vipimo vilithibitisha neno kwa neno. Vajinosisi ilikuwa imerudi kweli. Alipewa tena metronidazoli ya siku 7, na shombo likakoma.

Swali la mume lilibaki gumu. Kwa miaka mingi tumewaambia wanawake kwamba mwenza hahitaji kutibiwa kwa ugonjwa huu, kwa kuwa majaribio ya kumpa mwanamume vidonge peke yake hayakupunguza kurudi kwa ugonjwa. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti kutoka Australia ambapo wanaume walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni kwa siku 7. Ndani ya wiki 12 ugonjwa ulirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ambao wenza wao walitibiwa, ikilinganishwa na asilimia 63 ya wale ambao wenza hawakutibiwa. Vidonge tulikuwa navyo, krimu hatukuwa nayo. Tuliamua kutompa mume nusu ya tiba, kwa sababu nusu hiyo ndiyo iliyokwisha kushindwa katika majaribio ya zamani, na kwa sababu mume alikuwa ameanza kuuliza nani amemletea nani ugonjwa. Tulizungumza nao wote wawili, tukapendekeza kondomu kwa muda, tukaacha suala la krimu wazi hadi itakapopatikana. Mara ya mwisho tulipoonana, miezi miwili baada ya dozi hiyo, alikuwa hana dalili.

Uchambuzi

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni la lugha. Katika vyumba vyetu, kila kitokacho ukeni huitwa uchafu: ute wa siku za rutuba, majimaji ya vajinosisi, fangasi, usaha wa kisonono, na hata masalia ya dawa. Tunaandika hivyo kwenye kadi, tunauliza hivyo, na wauzaji wa dawa huuliza hivyohivyo. Neno hilo lina hukumu ndani yake, kwa sababu uchafu ni kitu cha kuondolewa hadi kisionekane tena. Nilipomwambia mama huyu kwamba uchafu utakwisha, nilimwahidi ukavu, ambao hakuna dawa inayouleta wala kupaswa kuuleta. Seli za ukuta wa uke hubambuka kila siku, tezi za shingo ya kizazi hutoa ute kila siku, na homoni hubadilisha wingi na uzito wake: kidogo na mzito baada ya hedhi, mwingi na mwangavu yai linapokaribia kutoka, kisha mweupe na mzito tena hadi hedhi nyingine. Kwa mwanamke ambaye wiki nzima amekuwa akichunguza nguo yake ya ndani kwa hofu, ute huo wa kawaida huonekana kuwa mwingi kuliko alivyowahi kuuona maishani.

Tangu wakati huo tunauliza kwa maneno tofauti. Tunauliza kama ni ute au majimaji, ni wa rangi gani, unavutika au unakatika, una shombo au hauna, unawasha au hauwashi, na leo ni siku ya ngapi tangu hedhi ianze. Swali ambalo limenisaidia zaidi ni jepesi sana: je, hiki ni kilekile ulichokuja nacho mwanzo, au ni kingine? Muuzaji wa duka la dawa angeliuliza hilo, mama huyu angemjibu kwamba cha sasa hakina harufu.

Kuhusu fangasi, siwezi kusema kwa hakika ni kipi hasa kilichoiamsha. Metronidazoli peke yake inaweza kufuatiwa na fangasi, ijapokuwa huwagusa laktobasili kwa kiasi kidogo. Doksisaiklini ni antibayotiki ya bakteria wengi, na antibayotiki za namna hiyo hujulikana kuipa kandida nafasi. Sabuni na limau navyo viliuchubua ukuta ambao ndio kwanza ulikuwa unarudisha walinzi wake. Limau halirudishi tindikali ya uke, kwa sababu tindikali hiyo hutengenezwa na laktobasili wenyewe kutokana na sukari iliyohifadhiwa ndani ya seli. Na kujiosha ndani kuna hatari iliyo kubwa kuliko muwasho: utafiti wa miaka mingi uliofanyika Mombasa miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, uliochapishwa mwaka 2006, uliona kwamba waliojiosha ndani ya uke waliambukizwa VVU zaidi ya wasiojiosha, hasa waliotumia sabuni.

Kliniki ya pili ilikosea kwa namna ninayoielewa, maana kipimo cha mkojo ni cha haraka na hakimvui mtu nguo. Lakini majina yutiai na PID (maambukizi ya via vya uzazi vya juu) yamekuwa kapu la kutupia kila lalamiko la chini ya kitovu, na mwanamke akishapewa jina la ugonjwa uliopanda hadi kwenye kizazi, huondoka na hofu ya utasa ambayo hakuna siprofloksasini inayoiponya. Mama huyu alitueleza baadaye kwamba hofu hiyo ilimsukuma kwenye shabu kuliko muwasho wenyewe.

Kilichofanya kazi ni utabiri. Kurudi kwa vajinosisi hakukuwa kushindwa kwa tiba. Ugonjwa huu hurudi kwa zaidi ya nusu ya wanawake ndani ya miezi 12, nasi tulimwambia hivyo mapema, kwa hiyo uliporudi hakudhani kwamba ametupwa wala hakwenda kutafuta dozi kali. Aliutambua, akaja ndani ya wiki moja. Ningependa kusema kwamba tuliyafanya haya kwa hekima, ila ukweli ni kwamba tuliyafanya kwa aibu ya kadi ile isiyo na kitu.

Upo upande wa pili ambao kisa hiki kinaweza kuuficha. Tulipokuwa tukikisimulia katika kikao cha asubuhi, tulisisitiza sana ute wa kawaida, na tulisahau kuzitaja kwa uzito uleule dalili ambazo hazisubiri: maumivu chini ya kitovu, homa, damu baada ya tendo la ndoa, vidonda, ujauzito, na majimaji ya kijani au ya manjano yenye povu. Wiki chache baadaye mwenzetu mmoja, akiwa na foleni ndefu, alimwambia msichana aliyemaliza dozi ya fangasi kwamba majimaji yake ni ute tu, akamrudisha nyumbani bila kumtazama. Alirudi baada ya siku tano. Sampuli yake ilipowekwa chini ya darubini ikiwa bado ya moto, trikomonasi walikuwa wanaogelea.